Sheria ya 1905 na Ushungi wa Mwanafunzi

Ndugu wasikilizaji, asubuhi moja mjini Marseille, mji wenye Wangazija wengi, nilimwona binti mmoja nje ya lango la shule akichomoa pini za ushungi wake, akaukunja mara nne, akautia mkobani juu ya madaftari, kisha akaingia. Hakuna aliyemwamuru, amekwisha kuzoea. Nataka tuzungumze namna dola ya Ufaransa ilivyofika kwenye lango lile, kwa sababu sheria inayotajwa kuwa chimbuko la katazo la ushungi katika shule za umma ilikusudia jambo jingine.

Sheria hiyo, ya tarehe 9 Desemba 1905, iliyotenganisha dola na dini, inahakikisha, katika kifungu chake cha kwanza, uhuru wa dhamiri na uhuru wa kuabudu, isipokuwa pale utulivu wa umma unapodai mipaka. Kifungu cha pili kinasema kwamba Jamhuri haitambui, hailipi mishahara wala haitoi ruzuku kwa dini yoyote. Aliyefungwa mikono hapo ni dola, si muumini. Tena wakati wa mjadala bungeni, mbunge mmoja alipotaka makasisi wakatazwe kuvaa kanzu zao hadharani, Aristide Briand, aliyeuwasilisha muswada, alikataa katakata, akiona kwamba sheria ya uhuru haiwezi kuanza kwa kuwavua watu nguo.

Waislamu wa himaya ya Ufaransa hawakuuonja uhuru huo kwa kipimo kilekile. Amri ya 1907 iliipeleka sheria Algeria, lakini serikali ya kikoloni iliendelea kuwalipa na kuwasimamia maimamu, kwa kuwa ilihofia misikiti isiyo mikononi mwake. Nalitaja jambo hili kwa uzito, kwa maana wahamiaji wengi waliokwenda kufanya kazi viwandani Ufaransa ni watoto na wajukuu wa watu wale, na wanapoambiwa leo kwamba dola haijiingizi katika dini, wana kumbukumbu nyingine nyumbani kwao.

Mwaka 1989, wasichana watatu walipozuiwa kuingia darasani na ushungi huko Creil, Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu ya masuala ya utawala, lilishauri kwamba vazi hilo peke yake halipingani na msingi wa dola kutofungamana na dini. Sheria ya tarehe 15 Machi 2004 iliufuta msimamo huo kwa kuwakataza wanafunzi wa shule za umma kuvaa alama za dini zinazoonekana wazi. Watetezi wake walisema wapo wasichana wanaolazimishwa na kaka zao, na mimi siwapuuzi wasichana hao hata kidogo. Lakini anayelazimishwa nyumbani ndiye anayelihitaji zaidi darasa, penye walimu na wenzake wa kila asili, na adhabu ya mwisho ya sheria hii ni kumtoa humo.

Agosti 2023 waziri wa elimu alitangaza kwamba abaya nayo ni marufuku, na mwezi uliofuata Baraza la Dola likakataa kulisimamisha katazo hilo. Tangu hapo mwalimu mkuu husimama langoni akiamua kama gauni refu la mwanafunzi ni gauni tu au ni tamko la dini, kazi ambayo hakuna kifungu chochote cha sheria ya 1905 kilichompa.