Jinsi ya kuchagua darubini ya kuona wanyama wakiwa mbali (na ile pete ya jicho la kulia!)

Mko aje wapendwa, karibuni tena. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niko ndani ya Nairobi National Park, huku juu Impala Hill ambapo unaruhusiwa kushuka gari, nyuma yangu mnaona magorofa ya tauni na mbele ni nyasi mpaka macho yachoke. Watu wameniuliza sana wanunue darubini gani, basi nimeleta tatu, ziko hapa kwa boneti.

Haya, namba. Hii imeandikwa 10x42. 10 ni mara ngapi inamvuta mnyama, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Tusonge.

Sasa hii ndogo imeandikwa 30x60. Niliinunua tauni kwa meza ya barabarani, nikalipa nikifurahi juu mara 30 si mchezo. Naweka rula hapa kwa kioo... ngoja, kamera inakataa kushika fokasi... haya sasa imeshika. Soma hapo. 22. Kioo ni milimita 22, hiyo 60 iko wapi? Kwa hivyo ukienda kununua beba rula ya mtoto wa shule na upime kabla hujatoa pesa, muuzaji akikasirika nenda kwa mwingine. Na vile vioo vyekundu vyekundu vinavyong'aa mimi sivitaki kabisa, vinarudisha mwanga mwekundu nje, wewe ndani unabaki na swara wa kijani.

Kitu chenye maana ni mwanga. Chukua 42 gawa kwa 10, unapata milimita 4.2, huo ni upana wa kiduara cha mwanga kinachofika kwa jicho lako, na unaweza kukiona, shika darubini mbali na uso hivi, elekeza juu angani, angani nimesema, jua hapana, jua litakuchoma jicho. Mnaona viduara viwili vyeupe, vimekaa mviringo safi? Sasa ile ya barabarani, ona, vidogo kama punje ya mtama na kingo zina kivuli. Mimi ninayoipenda kuliko zote ni 8x42, kiduara chake ni 5.25, kwa sababu simba unampata alfajiri kabla giza halijaisha vizuri, na kwa mara 8 picha haitetemeki sana mkononi. Wawindaji wa Marekani kule milimani wengi huvaa 10x42 kifuani, na wakitaka 15x56 wanaifunga kwa tripodi. Kwetu Kenya uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku 1977, sisi tunatafuta kwa macho tu, lakini kioo ni kile kile.

Sasa tulieni hapa. Tafadhali. Hii pete ndogo kwa jicho la kulia, watu wengi hawajui hata inazunguka. Macho yako mawili hayafanani, hii ndiyo inayasawazisha. Tafuta kitu chenye maandishi, namba ya gari ile pale inatosha. Funika kioo cha mbele cha kulia kwa kiganja, macho yote mawili yakiwa wazi, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome vizuri. Sasa funika kushoto. Na hapa USIGUSE gurudumu la katikati tena. Usiguse. Zungusha hiyo pete peke yake mpaka jicho la kulia lisome. Ukigusa katikati umeharibu yote, anza upya.

Nasisitiza kwa sababu nilimleta mama yangu hapa, tukapata kifaru mweusi amesimama wazi kabisa, nikampa darubini yangu imepangwa kwa macho yangu. Akasema, "Mwanangu, naona ukungu tu." Nikaanza kuzungusha huku na huku kwa haraka, katikati, pete, katikati tena, na kifaru akaingia kichakani. Mama alikuwa hajawahi kumwona. Kwa hivyo mpangie mgeni wako mkiwa bado getini. Tena, katikati usiguse ukiwa kwa jicho la kulia. Ukivaa miwani, kunja vile vikombe vya mpira chini.

Ngojeni ndege ya uwanja wa Wilson ipite.

Haya. Hii kubwa ya jicho moja, 20-60x80, yaani inavuta mara 20 mpaka 60 na kioo ni 80, nimeweka simu hapo nyuma muone. Mara 20, nguzo za daraja la reli ya SGR zimesimama wima. Naenda 60... mnaona kumekuwa giza? 80 kwa 60 ni 1.3 tu. Na upepo, lo, picha inaruka yote, subiri nishushe miguu ya tripodi na nitundike begi katikati. Afadhali. Ikifika saa tano joto linapanda kutoka ardhini, kila kitu kinacheza kama moshi wa jiko, hapo rudi 20 au 25, hata kioo cha bei ghali hakisaidii.

Ndani ya gari zima injini kwanza, alafu weka mfuko kwa dirisha. Huu nimeushona mwenyewe, mguu wa jinzi kuukuu na kilo mbili za maharagwe makavu, darubini inazama hapo inatulia tuli. Nashona za kuuza, ukitaka niandikie hapo chini, ukipenda nakuachia mtupu ujaze mwenyewe, lakini usijaze mchanga, unavuja na unakwaruza vioo.

Eh, subirini. Kushoto kwa ule mgunga wenye viota. Lile si jiwe, sikio limetikisika. Simu haioni, natoa simu, wacha niangalie kwanza.