Tezi ndogo kama punje ya uwele

Wanafunzi wangu, tezi ya pituitari ya panya wa maabara ina uzito wa miligramu 10 hivi. Ni sawa na punje ya uwele, nayo imejificha chini ya ubongo.

Zamani watafiti waliing'oa ili wajue kazi yake, lakini kwa kupitia juu, wakaujeruhi ubongo. Mnyama akidhoofika, nani alaumiwe: tezi iliyotoka au ubongo uliochubuliwa? Mmarekani Philip E. Smith akapitia shingoni. Alipasua kando ya koo, akatoboa mfupa wa kitako cha fuvu, akaivuta tezi na ubongo ukabaki salama. Maelezo kamili aliyachapisha 1930.

Panya madume aliowapasua hivyo waliishi, ila korodani zilinywea na mbegu zikakoma kutengenezwa. Kisha Smith akafanya jambo ninalolipenda kuliko yote: kila siku aliwapandikizia vipande vibichi vya pituitari za panya wengine, na korodani zikajaa upya. Ukiondoa tu, bado unashuku. Ukirudisha na kiungo kikafufuka, hapo umejua.

Leo tunazijua homoni mbili za pituitari zinazofanya kazi hiyo, LH na FSH. LH huziamuru seli za Leydig, zilizo kati ya mirija ya korodani, zitengeneze testosteroni, homoni ya kiume. FSH huenda kwa seli za Sertoli, ambazo ndani ya mirija hiyo huzilea mbegu changa. Je, zina umuhimu sawa? Hapana. Mwaka 1997 walielezwa panya wadogo wasio na FSH kabisa: korodani zao ndogo, mbegu pungufu, lakini waliwatia majike mimba. Wale ambao seli zao haziwezi kuipokea LH ni tasa.

Nawaomba mlishike hili kwa ajili ya vijana wenzenu wanaojidunga testosteroni ili wajaze misuli. Pituitari ikihisi homoni hiyo imezidi kwenye damu, hupunguza LH. Korodani, ambazo huhitaji testosteroni nyingi kuliko iliyomo kwenye damu, hubaki na njaa, mbegu zikapungua hata kuisha. Mbegu ya panya huchukua siku 52 hivi kukomaa, ya binadamu siku 74 hivi. Kwa hiyo aliyeacha sindano leo, akapimwa wiki ijayo akakuta hana kitu, asikate tamaa. Arudi kupima baada ya miezi, akiwa na daktari wake.