Shule na skuli: neno moja lililotufikia kwa njia mbili

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Mtoto wa Tanga akiulizwa asubuhi anakokwenda na madaftari yake, husema, "Naenda shule." Mwenzake wa Unguja husema, "Naenda skuli." Wote wawili wanatamka neno la Kigiriki, na maana yake ya kwanza haikuwa darasa wala ubao. Ilikuwa wasaa.

Wagiriki wa kale walisema skhole. Mwenye skhole hakusukumwa na kazi, akapata nafasi ya kukaa na wenzake, kujadiliana na kusikiliza. Taratibu jina la wasaa likahamia kwenye mazungumzo yenyewe, kisha mahali pa kuzungumzia. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo neno hili linaponigusa zaidi. Shughuli waliiita askholia, na ile "a" ya mwanzo ni ya kukanusha. Yaani kuwa kazini ni kukosa wasaa, kama tunavyosema, "Leo sina nafasi."

Warumi walilichukua wakasema schola, na kutoka kwao likasambaa: scuola kwa Waitalia, escuela kwa Wahispania, Schule kwa Wajerumani, school kwa Waingereza, shkola kwa Warusi. Wafaransa waliandika escole, wakaimeza "s", leo ni école. (Waingereza pia huliita kundi la samaki school, lakini hilo ni neno jingine, asili yake Kiholanzi.)

Kwetu palikuwapo chuo cha Kurani na madrasa zamani. Wajerumani walipoitawala Tanganyika wakaleta shule. Waingereza wakaiacha skuli Zanzibar, na hadi leo mabango ya huko yameandikwa "Skuli ya Msingi". Wanyarwanda wanasema ishuri.

Lakini wasaa ule wa Wagiriki ulikuwa na wenyewe. Watumwa walikuwa wakichimba fedha katika migodi ya Laurion, karibu na Athens, ili wengine wapate nafasi ya kufikiri. Hata mtoto wa tajiri alisindikizwa kwa mwalimu na mtumwa, amemshikia vitu vyake njiani. Mtumwa huyo aliitwa paidagogos, kiongozi wa mtoto. Walimu mliomo humu mnamfahamu, ingawa pengine hamkuambiwa ni yeye: pedagojia, yaani elimu ya ufundishaji, mliyoisoma chuoni imetokana na jina lake.