Ubongo Unavyozaa Wazo Jipya: Mhadhara Uliotolewa Ngomeni, Lamu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masalkheri wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkakalia ngazi. Sauti yafika huko nyuma? Haya.

Aliyenialika alinipa na la kusema. Aliniambia, "Mwalimu, waeleze vijana wetu waache kuiga mambo ya kale, akili zifunguke." Kuja nimekuja, ila hilo silisemi. Kwa yale yanayojulikana leo juu ya ubongo, mtu asiye na mambo ya kale kichwani hana cha kubunia. Nitajaribu kuonyesha kwa nini, na nikimaliza mna ruhusa ya kunipinga.

Tuanze na hiki kifuu cha nazi. Niambieni chafaa kwa kazi gani. Kazi yoyote, upesi upesi.

(Upawa! Kata ya maji! Kuni! Upawa!)

Upawa umetajwa mara ngapi sijui. Endeleeni. Mbona mmenyamaza? Ngojeni hapo hapo kwenye ukimya, msiukimbie.

(Cha kupimia mchele. Vifungo vya shati. Nyumba ya pweza. Na Bi mmoja wa mstari wa mbele: "Vigonganishwe viwili, vilie kama kwato za punda." Kicheko.)

Ahsante, Bi. Hilo la punda ndilo nililokuwa nikilingoja, ingawa sikujua litakuwa lipi. Mchezo huu wataalamu wa saikolojia wameutumia miaka mingi. Mwaka 1950 J. P. Guilford, aliyekuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, aliwahutubia wenzake akawalaumu kwa kuupuuza ubunifu katika utafiti wao. Baadaye yeye na wenzake wakatunga majaribio ya namna hii, wao kwa tofali na vitu vya kwao. Likaonekana jambo moja ambalo limerudi kuonekana mara nyingi tangu hapo: kadiri muda unavyokwenda majibu huwa machache, lakini huzidi kuwa ya ajabu. Upawa hamkuubuni nyinyi. Mmeukumbuka tu, unaning'inia jikoni. Kumbukumbu ikiisha ndipo ubongo unapolazimika kukivunja kile kitu: ni kigumu, kina uwazi, kina mlio. Mlio ukakutana na punda. Mtu wa London asingefika hapo kwa wepesi huo, kwani punda hawamwamshi alfajiri.

Wengi wetu huacha pale penye ukimya. Twadhani tumekwisha. Utafiti wa Lucas na Nordgren uliotoka mwaka 2020 uliwauliza watu wanatarajia nini wakiendelea kubuni, wakasema mawazo yao yatazidi kuwa mabovu. Hayakuwa mabovu. Waliojitabiria hivyo ndio waliowahi kuacha.

Sasa kwa nini nasema mambo ya kale? Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kulia na kushoto, kuna kisehemu kilichojikunja kiitwacho hipokampasi. Kwa muda mrefu kilijulikana kwa kumbukumbu: kikiharibika, mtu hakumbuki alichokula asubuhi. Mwaka 2007 Demis Hassabis na Eleanor Maguire na wenzao kule London waliwachukua wagonjwa walioharibika kisehemu hicho wakawaomba kitu kingine kabisa: wasikumbuke, wafikirie jambo ambalo halijatokea. Moja ya waliyoambiwa lilikuwa hili: jione umelala ufukweni, mchanga mweupe, ghuba nzuri ya nchi za joto. Yaani Shela, pwani yetu ya hapa Lamu! Mgonjwa mmoja akasema haoni kitu isipokuwa anga. Sauti ya ndege wa baharini na ya mawimbi anaisikia, lakini pwani yenyewe haiji. Vipande vipo, haviungani kuwa mahali. (Huyu Hassabis, kwa wapendao habari za kompyuta, ndiye aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2024 kwa kazi ya akili mnemba.) Kwa hiyo kiungo kinachotukumbusha jana ndicho pia kinachotujengea lisilokuwapo. Na kinalijenga kwa nini? Kwa yale yale ya jana.

Tuje kwenye utendaji. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula kama asilimia 20 ya nguvu zake. Ukiupa hesabu ngumu, matumizi hayaongezeki hata kwa asilimia 5. Basi wakati hauna kazi unafanya nini na chakula chote hicho? Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa St. Louis, Marekani, walieleza kwamba kuna sehemu zinazoamka hasa pale mtu asipopewa la kufanya. Hapo mtu anawaza ya jana, anapanga ya kesho, anajiuliza fulani alikuwa na maana gani aliponiangalia vile. Mimi nauita mtandao wa soga.

Lichukulieni kama baraza la hapa mtaani. Kuna wapiga soga, wanaotoa lolote linalowajia. Kuna mzee mmoja kimya, anayepima: hili lina maana, hili upuuzi. Na kuna yule wa katikati, hakosekani, anayemgusa mzee begani na kumwambia, "Hebu sikiliza hilo." Ubongo una mitandao mitatu ya namna hiyo. Kwa kawaida wa soga na wa kupima hupokezana: mmoja akipanda mwingine hushuka. Mwaka 2018 Roger Beaty na wenzake waliwaweka watu 163 ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo wakawafanyisha mchezo ule wa kifuu, kwa vitu vingine. Wale ambao majibu yao yaliamuliwa kuwa ya kipekee zaidi, mitandao yao mitatu iliwasiliana kwa nguvu kuliko ya wenzao. Mzee hakuwafukuza wapiga soga, nao hawakumfukuza mzee.

Ila kuna saa mzee hunyamaza. Mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun waliwalaza wapiga piano wa jazi ndani ya mashine hiyo, kila mmoja na kinanda kidogo mapajani, wapige kwanza walichokariri, kisha wabuni papo hapo. Walipobuni, sehemu za mbele na pembeni, zinazojichunga na kujisahihisha, zilipoa. Sehemu ya katikati, ile ya mtu kujieleza nafsi yake, ikapanda moto. Walikuwa watu 6 tu, msiuapie. Lakini mwaka 2012 watafiti wengine waliwachukua wasanii 12 wa rap wakaona sura inayofanana na hiyo. Walioshuhudia washairi wa hapa wakijibizana ana kwa ana wanaijua hali hii: ukimtazama mtu usoni, unaona kabisa ameacha kujisikiliza.

Na lile la kupigwa na wazo ghafla? Mark Beeman na John Kounios walilipima mwaka 2004 kwa mafumbo ya maneno. Kama theluthi moja ya sekunde kabla ya mtu kubonyeza kwamba amelipata, mawimbi ya kasi yalifumuka juu ya sikio la kulia. Kabla ya hapo, nyuma ya kichwa kwenye sehemu za kuona, yalipanda mawimbi ya utulivu, kana kwamba ubongo unajizibia macho kidogo usisumbuliwe. Msiseme sasa kwamba wabunifu hutumia ubongo wa kulia na wahasibu wa kushoto. Watafiti wa Utah walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 mwaka 2013 na hawakumkuta mtu wa upande mmoja. Habari hiyo inauzwa sana kwenye semina. Tupiteni.

Nataka nikae kidogo kwenye jadi, kwa sababu ndipo nilipotofautiana na mwenyeji wangu. Tazameni ubeti wa utenzi: vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vina vyake vimoja, na cha nne kimefungwa kwa kina kimoja cha mabeti yote. Kijana ataona hii ni pingu. Lakini mfuateni mtunzi aliyetaka kusifu bahari na kina kinamdai "-ani". Bahari haiingii. Anaanza kupapasa kwa sauti, si kwa maana: pwani, tufani, nishani, rubani. Rubani! Alikuwa hana mtu ndani ya shairi, sasa anaye, na amesimama usukani. Kama angeachwa huru angebaki na maji na mawimbi, kama sisi tulivyobaki na upawa. Kina kimempeleka penye neno ambalo maana peke yake isingempeleka. Na hilo litawezekana tu kama maneno hayo anayo. Aliye na maneno mia tatu, kina kitamnyonga kweli.

Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye wasia mwaka 1858, hakuzua mizani mpya. Alichukua utungo ambao visiwa hivi vilikuwa vikiutumia tangu karne ya 18 kusimulia vita vya Mtume, akauingiza ndani ya nyumba, mama akizungumza na binti. Upya wake wote uko hapo, na asingeuweza kama hakuzijua tenzi za vita.

Haya, njia za kulipata wazo jipya. Wengi mmekuja kwa hili, najua.

Kutembea. Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Stanford walionyesha mwaka 2014 kwamba mtu anayetembea hutoa mawazo mengi mapya kuliko aliyeketi, hata akiwa anatembea kwenye mashine chumbani, mbele ya ukuta mtupu. Kwa hiyo msinisingizie mandhari. Lakini wale wale walipopewa maswali yenye jibu moja tu, kutembea hakukuwasaidia, kuliwapunguzia kidogo. Tembea ukitafuta, keti ukihakiki. Mji huu hauna magari kama miji mingine, na bado naona watu wanapanda pikipiki kwenda pa kurusha jiwe.

Kazi nyepesi ya mikono. Utafiti wa mwaka 2012 wa Benjamin Baird na wenzake ulionyesha kwamba aliyekwama akipewa kazi rahisi inayoacha akili itangetange, akirudi hufanya vizuri zaidi kuliko aliyepewa kazi ngumu au aliyepumzika tu. Afumaye kofia au asukaye ukili anapata hilo bure. Simu naiweka kando na hizi. Hiyo haiachi akili itangetange, huishika kila baada ya nukta mbili. Hayo ni maoni yangu, lakini nayashikilia.

Kailula. Wazee wetu hulala kidogo baada ya adhuhuri, na vijana huwacheka. Mwaka 2021 Célia Lacaux na wenzake huko Paris waliwapa watu hesabu yenye njia ya mkato iliyofichwa, kisha wakawaacha wasinzie na kitu mkononi, kikianguka wanaamka. Thomas Edison anasimuliwa kufanya hivyo hivyo. Walioonja usingizi mwepesi, japo kwa sekunde 15, asilimia 83 waliigundua njia ya mkato. Waliobaki macho, asilimia 30. Waliozama zaidi wakapoteza faida yote, asilimia 14. Basi ni kusinzia, si kukoroma hadi laasiri.

Na mikutano. Ile desturi ya kuketi watu kumi na karatasi kubwa ukutani, kila mtu arushe wazo, aliieneza Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara Marekani. Mwaka 1958 watafiti wa Yale waliipima: watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, majibu yao yakikusanywa, walizidi kundi la wanne waliokaa pamoja karibu mara mbili. Mkiwa pamoja mmoja anasema na watatu wanangoja zamu, na wakingoja wanasahau. Kila mtu aandike kwanza kwake, kisha mkutane. Mtakula vitafunio vile vile.

Maswali. Kijana wa shati la bluu.

(Swali: Mwalimu, kuna wanaosema wakitafuna miraa au wakivuta bangi ndipo mashairi yanapowajia. Ni kweli?)

Kwamba wanahisi hivyo, ni kweli. Miraa ina kemikali ya kuchangamsha inayofanana na amfetamini, mtu huona kila neno lake lina uzito. Kuhusu bangi, watafiti wa Leiden, Uholanzi, mwaka 2015 waliwapa wavutaji wa kawaida vipimo tofauti. Kipimo kidogo hakikuwaongezea kitu, na kikubwa kiliwaharibia ule ule mchezo wa kifuu. Ulichokitunga saa hiyo ukikirekodi, kanda yako isikilize asubuhi, ukiwa umekunywa chai tu. Ndiyo, wewe.

(Swali: Mimi ni mwanafunzi wa nakshi. Fundi wangu haniruhusu kubadili hata ua moja. Miaka yote ni lile lile la duara kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango. Wasema hapo ndipo nabuni?)

Hapo hubuni bado, na fundi wako hajakukosea. Mlango ni wa mteja, mbao ni ghali. Mchana chonga la kwake mpaka patasi iende bila kuitazama, kwa sababu ukiwa bado unaitazama mkono, mzee wa baraza yuko kazini na hana nafasi ya kusikiliza soga. Jioni omba vipande vinavyotupwa. Lichore lile ua lile lile kwa namna ishirini, na usifute hata moja. Za mwanzo zitakuwa za fundi, kisha utakwama na kutaka kwenda zako. Kaa. Na ukimaliza, mpelekee fundi tatu za mwisho, si hizo ishirini zote. Ana kazi nyingi.