Kupanda basi London bila konda: kwa ndugu zangu wa Kigoma mnaokuja

Haya, wakubwa wangu shikamooni, wadogo zangu mambo. Leo video ina mlengwa. Kuna mdogo wangu wa Ujiji amepata chuo huku London, na tangu viza itoke ananiuliza vitu viwili tu, baridi na usafiri. Baridi tutamtafutia koti. Usafiri ndio naongelea hapa, na nyie wengine mliokwisha kupata pasipoti sogeeni.

Nipo kituoni sasa hivi, Hackney, mashariki mwa jiji. Mkisikia upepo unavuma kwenye maiki mnisamehe, huku ndio kiangazi chao hiki.

Tuanze na jambo ambalo ndilo lenyewe. Pale Mwanga, Kigoma mjini, ukitaka kwenda Ujiji huhitaji kujua chochote, konda anajua. Anaita Ujiji Ujiji Ujiji, anapokea mzigo wako kabla hujakubali, ukimwambia nishushe pale kwenye mwembe, mwembe anaujua. Na akisahau yupo mama mmoja siti ya nyuma atapaza sauti: "Konda, huyu mtoto si alisema mwembeni?" Njia zote za mji zipo midomoni mwa watu. Huku konda hakuna. Kuna dereva tu, kafungiwa kwenye kibanda chake cha kioo, kazi yake kuendesha. Yale yote ambayo konda angekwambia yameandikwa mahali, na wewe kazi yako ni kujua yameandikwa wapi.

Kwa mfano hii nguzo hapa nyuma yangu. Mnaona hizo namba? Ni njia zinazopita hapa. Mimi napanda 38, inatoka Clapton Pond inakwenda mpaka Victoria, inapita Dalston, Angel, inakatiza Piccadilly Circus kule kwenye matangazo ya taa mnayoyaona kwenye filamu. Sasa sikiliza vizuri, mdogo wangu: 38 ya kwenda na 38 ya kurudi zote zimeandikwa 38. Kinachozitofautisha ni jina la mwisho wa safari lililoandikwa kwenye paji la basi, na upande wa barabara uliosimama. Shukuru Mungu hapa wanaendesha kushoto, sawa na nyumbani, kwa hiyo upande wa kusimama utaukisia vizuri. Kwenye makutano makubwa vituo vinakuwa vingi vimekaribiana, ndiyo maana kila kimoja kina herufi yake juu ya nguzo. Simu ikikwambia panda kituo F, usiende G kwa sababu G kuna watu wengi.

Na simu ndiyo msaidizi wako mkuu. Kuna programu ya bure ya mamlaka ya usafiri, inaitwa TfL Go. Unaandika unakokwenda, inakwambia basi gani, kituo gani, dakika ngapi. Vituo vingine vina skrini kabisa ya kuonyesha basi zinazokuja. Dakika zenyewe, hmm, za London nazo zina tabia zake. Dakika 2 inaweza kukaa dakika 2 kwa muda. Foleni ni foleni tu.

Basi likikaribia, nyoosha mkono. Wengi wanadhani kwa kuwa ni Ulaya basi litasimama lenyewe. Kituo kikiwa na njia nyingi, dereva hajui unamsubiri yeye au mwenzake, atakupita bila kinyongo. Unapanda mlango wa mbele, unashuka mlango wa kati.

Sasa pesa. Hapa shangazi zangu mnaofunga noti kwenye ncha ya khanga mnisikilize: basi za London ziliacha kupokea pesa taslimu tangu Julai 2014. Hata uwe na noti mpya kabisa, dereva hana pa kuiweka. Unalipa kwa kadi ya benki ile ya kugusisha, au simu yenye kadi ndani, au kadi ya usafiri inayoitwa Oyster ambayo unaiongezea salio madukani. Ukiingia tu kuna kidude cha njano, unagusisha, kinalia, taa ya kijani, umemaliza. Kushuka hugusishi tena.

Kwa mwaka 2025 nauli ya mtu mzima ilikuwa pauni 1.75, uende kituo kimoja au mpaka mwisho wa njia. Najua mnapiga hesabu hapo, ni karibu shilingi elfu sita, na kuna watu wameshashika kichwa. Ngoja. Ukigusisha mara ya kwanza, ndani ya saa moja unaweza kupanda basi lingine, na lingine, bila kukatwa tena. Na ukizunguka siku nzima, ikifika nauli 3, ambazo kwa 2025 zilikuwa pauni 5.25, mashine inaacha kukukata mpaka kesho. Nauli ya nne, ya tano, ya kumi, bure. Watoto chini ya miaka 11 hawalipi kabisa.

Ila kuna mtego. Hesabu hiyo inafuata kadi, haikufuati wewe. Ukigusisha kadi asubuhi, mchana ukagusisha simu, hata kama ni akaunti ile ile ya benki, mashine inaona watu wawili, na unaanza upya. Chagua kimoja ukae nacho. Na usipande bila kugusisha ukitegemea lugha laini. Wakaguzi wanaingia muda wowote, wamevaa kawaida au sare, na faini yake ilipandishwa mwaka 2024 ikawa pauni 100.

Ndani sasa. Panda ghorofani, siti ya mbele kabisa, hiyo siti watu wazima na heshima zao wanaigombania kimyakimya. Kimya chenyewe kitakushangaza. Shangazi yangu alipokuja kunitembelea aliingia akasalimia basi zima, "Hamjambo nyote", kwa Kiswahili, kwa sauti ya Ujiji. Watu wakainua macho kwenye simu. Mzee mmoja Mjamaika akaitikia kwa kichwa, akavua na kofia. Shangazi akaridhika, akakaa, safari nzima akawa ananisimulia habari za mirathi kwa sauti ile ile. Mimi nikamwacha. Hakuna sheria inayokataza kusalimia. Pombe ndiyo imekatazwa ndani ya basi tangu 2008. Migebuka ya kukaanga, wale samaki wetu wa ziwani, haijakatazwa kwa jina, lakini mdogo wangu, hiyo utakayoniletea ifunge vizuri.

Kushuka usipige kelele "shusha". Kwenye vile vishikio kuna kitufe chekundu, bonyeza mapema kidogo. Kuna sauti ya mama inatangaza kila kituo kinachofuata na maandishi yanapita juu, kwa hiyo hata usiku ukiwa mgeni hupotei.

Halafu siku moja mama huyo huyo atatangaza kwamba mwisho wa safari wa basi hili umebadilika. Hapo ndipo utajisikia nyumbani, maana ni ile ile ya "mwisho hapa, gari inageuza". Watu wa Gungu mnanielewa. Tofauti ni kwamba huku hakuna wa kumlilia akurudishie nauli, na hakuna haja: shuka, subiri basi linalofuata kwenye njia hiyo, na kama ile saa moja yako haijaisha hulipi. Kama imeisha, mwambie dereva kabla hujashuka, kuna utaratibu wa kukupa karatasi ya kuendelea na safari. Wakati mwingine basi linasimama tu, linatangaza linasubiri kidogo ili basi za njia hiyo zisifuatane karibu karibu. Hakuna anayegonga bodi. Hilo bado linanipa shida, nakiri, mkono unawasha.

Kitu kimoja ambacho kila nikikiona namkumbuka kaka yetu mmoja wa Mwanga mwenye kiti cha magurudumu, yule ambaye Hiace zinampita zikijifanya zimejaa. Hapa sakafu za basi zote za njia za kawaida ziko chini. Mtu mwenye kiti akiwepo kituoni, unasikia mlio, ubao unatoka mlango wa kati, anaingia mwenyewe, bila kubebwa mgongoni na bila kumshukuru mtu. Nafasi yake ipo. Mwenye kigari cha mtoto aliyeisimamia anaombwa apishe. Basi linasubiri, na sijasikia abiria anasonya. Haya, mmoja nilimsikia. Lakini dereva hakugeuka.

Usiku usiogope, njia nyingi zinalala lakini kuna basi za usiku zenye herufi N mbele ya namba. 38 usiku inakuwa N38.

Siku ambayo hakuna kitu ni tarehe 25 Desemba. Krismasi basi hazitembei kabisa, treni za chini ya ardhi nazo hakuna, jiji lote hili. Kwa hiyo mdogo wangu, ukisikia tiketi ya ndege ya siku hiyo imeshuka bei, wewe iache tu. Mimi uwanja wa ndege wa Heathrow sitafika.