Ngojeni Udongo, Si Jua

Ndugu zangu, mwaka jana niliyasema haya na mwakani nitayasema tena: hapa Minnesota mchicha haupandwi Aprili.

Najua mlichofanya wikendi iliyopita. Theluji imeisha uani, jua limetoka, mtu akavaa kandambili, akapiga tuta, akamwaga mbegu. Wiki mbili baadaye ananipigia simu: "Mwalimu, zile mbegu ulizotupa ni mbovu." Si mbovu! Umezilaza kwenye friji.

Sisi tulifunzwa kungoja mvua. Udongo wa Kisii au wa Morogoro una joto lake tayari, unadai maji tu. Huku maji yamejaa hadi buti zinazama, na joto ndilo halipo. Hewa inapata joto mchana mmoja. Udongo unachukua majuma. Mchicha unataka nyuzi 18, yaani kama 65 kwa vipimo vya huku. Kile kipimajoto cha nyama kilicho jikoni, kichomekeni ardhini asubuhi, kina cha vidole viwili. Asubuhi, nasema! Ukipima saa tisa alasiri unajidanganya mwenyewe.

Sasa kuna mtu pale nyuma anataka kusema jirani yake Mmarekani ameshapanda. Amepanda nini? Nenda kachungulie. Utakuta spinachi, njegere, letusi. Hizo zinapenda baridi. Hata sukuma wiki pandeni leo, jalidi nyepesi, ile baridi ya usiku inayogandisha umande, haiiui. Lakini mchicha, kunde, bamia na maboga hupigwa usiku mmoja tu, asubuhi ukakuta majani meusi, yamelegea. Na jalidi huku inaweza kupiga hata katikati ya Mei. Ndiyo maana wenyeji wengi hungoja Siku ya Akina Mama, Jumapili ya pili ya Mei, na waoga kama mimi hungoja hadi mwisho wa mwezi. Ukipanda mwanzoni mwa Juni, Julai unachuma. Yule wa Aprili naye utamkuta siku hiyohiyo anapanda upya, tena amenuna.

Miche ya nyanya iliyo dirishani, itoeni nje saa chache kila siku kwa wiki moja kabla ya kuihamishia bustanini, kivulini kwanza. Mwenyekiti, nimekuona unatazama saa.

Maua, haraka haraka. Tulipu ikimaliza kuchanua, kata ua, acha majani yageuke njano yenyewe, maana ndiyo yanayolisha tunguu la mwakani. Mnaolia kwamba kulungu wamezimaliza, Oktoba pandeni dafodili. Hawazigusi, zina sumu. Na hapo akina mama nisikilizeni: tunguu la dafodili linafanana sana na kitunguu. Bibi akija kuwatembelea, akakuta limechipua kando ya kitunguu saumu, atalichuma na kulitia mchuzini, na nyumba nzima itatapika. Tenganisheni matuta.

Ya mbolea nimeyaruka. Haya, mwenye swali la sungura aanze, najua mpo wengi.