Kwa Nini Hatujahamia New Hampshire: Bastola, Ushuru na Grini Kadi

Haya jamani, hamjambo. Mnaniona ndani ya gari kwa sababu nimetoka zamu ya usiku, na nikishaingia nyumbani sina maneno tena. Acha nilimalize hili hapa hapa.

Tangu baba watoto aseme kwenye ile video ya theluji kwamba angependa kumiliki bastola, kila nikifungua komenti nakuta lile lile. Mbona msihame Massachusetts mkaenda jimbo ambalo bunduki ni ruhusa? Mlioko nyumbani Kenya mwasema Texas. Mlioko huku mwasema New Hampshire, kwa kuwa ni mwendo mfupi tu wa gari kutoka kwangu.

Kabla sijajibu, siringi. Mtu anayegeuza wazee kitandani saa tisa za usiku hana cha kuringia. Wala silalamiki, kwa sababu najua nikilalamika mtaniuliza nani alinilazimisha kupanda ndege. Na kuna mjomba wangu ambaye najua atatazama. Ameandika kwenye kikundi cha familia kwamba sisi tuna pesa za bunduki huku paa la nyanya linavuja. Mjomba, shikamoo. Pesa za paa zilitumwa. Muulize aliyezipokea.

Tuendelee. Hapa Massachusetts unaanza na mafunzo, ndipo unapeleka maombi kwa polisi wa mji unaokaa. Ada ni dola 100, kama shilingi 13,000 hivi za Kenya, na mafunzo unalipia mbali. Unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole, halafu wanapekua rekodi zako mpaka waridhike. Sheria yasema ujibiwe ndani ya siku 40, lakini hizo zaanza kuhesabiwa maombi yakishapokewa. Kupata miadi ya kuyapeleka ni safari nyingine.

Sisi tulikwama kwenye majina. Grini kadi ya baba watoto ina majina matatu, leseni ya gari ina mawili, na cheti cha mafunzo kimebeba jina la babu mahali pa ukoo. Yule afisa wa dirishani akazipanga zile karatasi tatu mbele yake, akamtazama mume wangu, akauliza hawa ni watu wangapi. Tukarudishwa. Mwalimu wa mafunzo naye akataka alipwe tena ndipo aandike cheti upya. Karatasi moja, jamani! Jioni ile baba watoto akaanza kutazama kwenye simu nyumba za Nashua, mji wa New Hampshire ulio karibu na mpaka.

Na simlaumu. New Hampshire, tangu 2017, mtu mzima ambaye sheria haijamkataza anaweza kubeba bastola iliyofichwa bila leseni. Texas nao wakaondoa sharti la leseni mwaka 2021. Isitoshe, New Hampshire haikati ushuru kwenye mshahara, na dukani hakuna ushuru wa mauzo, ndiyo maana watu wa huku huvuka kwenda kununua friji na televisheni. Ukisikia hivyo unaanza kufunga virago.

Sasa chukua kalamu. Mimi na mume wangu sote twafanya kazi Massachusetts. Ukilala Nashua ukafanya kazi huku, Massachusetts yaukata mshahara ule asilimia 5 yake vile vile. Halafu serikali ya kule nayo lazima ile mahali, na inakula kwenye ushuru wa nyumba na ardhi, ambao ni mzito. Mwenye nyumba hautoi mfukoni mwake, anauingiza kwenye kodi yako ya kila mwezi. Zile nyumba tulizoenda kuona, kodi yake haikuwa na nafuu yoyote. Ongeza petroli ya kila siku, na bado unga, mazishi, harusi na michango yote iko Lowell, huku Massachusetts, walikojaa Wakenya.

Hayo ya pesa ningeyavumilia. Kilichonifanya nikatae ni ule mpaka. Fikiria baba watoto anatoka Nashua alfajiri, bastola iko ndani ya gari, hana kosa lolote. Akishapita kibao cha Massachusetts bila leseni ya Massachusetts, ni mhalifu. Kosa hilo likikupata, kifungo hakishuki chini ya miezi 18. Mzawa atakitumikia arudi kwake. Sisi wenye grini kadi, kosa la silaha ukihukumiwa ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata kama hukumgusa mtu. Nikamuuliza, wewe huyo unayesahau miwani juu ya friji, kila asubuhi utakumbuka kuitoa bastola garini? Hakunijibu. Wakili wa uhamiaji tuliyemlipa kwa maongezi mafupi mno alisema jambo moja la maana: uraia kwanza. Kwa hiyo tumekubaliana zile dola 710 za kuomba uraia kwa mtandao zitangulie, mengine baadaye.

Na nyinyi wanafunzi mnaoniandikia mko na viza ya masomo, mnataka kujua jimbo lipi ni rahisi, suala lenu halina jimbo. Ni sheria ya Marekani nzima kwamba mwenye viza ya muda haruhusiwi kumiliki bunduki. Kuna vipenyo vichache, kama leseni ya uwindaji, lakini usivitafute bila wakili. Wala usimwombe rafiki mwenye uraia akununulie, mtaumia wote wawili.

Kuna anayesema naogopa bunduki kwa sababu nimekulia Kenya. Labda. Lakini Oktoba 2023, yule mtu alipoua watu 18 kule Lewiston, Maine, nilikuwa kwenye simu na rafiki yangu Mkongo anayeishi pale. Watu waliamriwa wasitoke nje, muuaji hajapatikana. Alikuwa ananong'ona, taa zote amezima, friji amelisukuma mlangoni, watoto amewalaza sakafuni bafuni kwa kuwa bafu halina dirisha. Maine pia hubeba bila leseni, tangu 2015. Massachusetts kwa miaka mingi imekuwa kati ya majimbo yenye vifo vichache zaidi vya risasi ukilinganisha na idadi ya watu, nami nalala vizuri nikilijua hilo. Baba watoto naye, ukimtajia Lewiston, asema ndiyo sababu anataka yake. Tumeshabishana mpaka chai ikapoa, na sidhani kuna aliyemshawishi mwenzake.

Kwa hiyo hili ni la nyumba yangu tu. Kama kazi yako iko upande ule, huna watoto wadogo, na pasipoti ya Marekani umeshaishika, hesabu yako si yangu, usije ukasema nilikukataza. Texas sijaishi, waulizeni walioko Dallas. Baba watoto ameomba kazi kwenye ghala moja Manchester, New Hampshire. Wakimchukua, tukihamia kule ule ushuru wa mshahara wake hautakatwa tena huku, wala hatavuka mpaka kila siku, na hapo nitakaa naye tuzungumze upya. Cheti chenye jina sahihi kimefika juzi, kwa njia, na bei ilikuwa ile ile.